UZI: Haiti 2010, dunia nzima ilifika na misaada. Kwa nini wenye nchi waliachwa getini?

Mwana-Hamugembe (mtoa mada)

Habari zenu wanajamvi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi usiku.

Jumanne ya tarehe 12 Januari 2010, saa kumi na moja kasoro dakika saba jioni kwa saa za kwao, ardhi ya Haiti ilitikisika kwa muda usiofika dakika moja. Ukubwa ulikuwa 7.0 na kitovu kilikuwa karibu na mji wa Léogâne, kilomita kama 25 magharibi ya mji mkuu, Port-au-Prince. Wahaiti waliliita tetemeko hilo kwa jina lao wenyewe, kwa lugha yao ya Kikreyoli: goudougoudou. Ukilitamka unasikia ardhi inavyonguruma chini ya miguu. Mimi nililielewa mara ya kwanza nilipolisoma, bila kutafsiriwa, na sababu nitaieleza mbele.

Ikulu yao nyeupe ilikunjamana. Wizara karibu zote mjini zikaanguka. Hoteli ya Christopher, yalipokuwa makao makuu ya ujumbe wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini humo, ilimfunika mkuu wa ujumbe huo, Hédi Annabi wa Tunisia, pamoja na wafanyakazi wengi. Wahaiti waliokufa hawakuhesabiwa mmoja mmoja. Malori yaliwapeleka kwenye makaburi ya halaiki huko Titanyen, nje ya mji. Serikali yao ilitaja zaidi ya watu 300,000, wengine wakakadiria pungufu sana ya hapo. Waliobaki bila pa kulala walikuwa kama milioni 1.5.

Wiki sita baadaye, tarehe 27 Februari, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8. Kwa nguvu ni kama mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu wapatao 500. Mafundi mliomo humu mnajua jibu liko wapi. Port-au-Prince watu walikuwa wanaogopa vimbunga, kwa hiyo kila mwenye kipato aliweka paa la zege badala ya bati. Paa zito, nguzo nyembamba, nondo za kubania, mchanga usiooshwa, na hapakuwa na mtu wa kukagua. Paa lililojengwa lizuie upepo likawalalia wenye nyumba.

Naendelea chini, msijibu bado.

Mwana-Hamugembe (mtoa mada)

Sehemu ya pili: nani aliokoa watu?

Kwenye televisheni tuliona vikosi vya wageni na mbwa wao wa kunusa. Walifanya kazi ya kishujaa na siwadharau, lakini wote kwa pamoja walitoa watu hai wapatao 130. Maelfu ya wengine walitolewa usiku ule ule wa kwanza na majirani, kwa nyundo, kwa mitaimbo, kwa kucha. Madaktari wa Cuba walianza kazi mara moja kwa sababu walikuwa wanaishi huko tangu zamani. Jamhuri ya Dominika, jirani mwenye historia chungu sana na Haiti, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuvusha chakula mpakani na kupokea majeruhi.

Na sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna mkono wetu pale, na wengi hatujui. Programu ya Ushahidi ilizaliwa Kenya Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, ili mwananchi aweze kutuma ujumbe mfupi na tukio lionekane kwenye ramani. Haiti ilipoanguka, wanafunzi kule Boston waliiwasha programu hiyo hiyo ndani ya saa chache. Ikatangazwa namba ya bure, 4636. Ujumbe ukaanza kumiminika: tuko chini ya duka fulani, tuna mtoto, hatuna maji.

Lakini ulikuwa kwa Kikreyoli, na waliokuwa na ndege na helikopta hawakukijua. Kilichookoa ni Wahaiti wa ughaibuni. Walikaa kwenye kompyuta Marekani na Canada usiku kucha wakitafsiri mstari kwa mstari, na zaidi ya kutafsiri, wakieleza mahali. Mtu akiandika "nyuma ya kanisa, karibu na mwembe", nani atakuambia mwembe upi kama hakukulia mtaa ule?

Huo mwembe ndio hoja yangu yote. Misaada ya Haiti ilikwama kila mahali ilipomkosa mtu anayeujua mwembe.

Mwana-Hamugembe (mtoa mada)

Sehemu ya tatu, ya mwisho kabla sijawaachia.

Karibu na uwanja wa ndege wa Port-au-Prince kulikuwa na kituo kikubwa cha Umoja wa Mataifa. Humo ndimo vikao vya kuratibu misaada vilifanyika: cha makazi, cha maji, cha afya. Vikao viliendeshwa kwa Kiingereza. Haiti wanazungumza Kikreyoli wote, na Kifaransa waliosoma. Kuingia ulihitaji kitambulisho na usafiri wa kufika, kwa hiyo vikundi vya wenyeji, akina mama wa mtaani, mapadri, viongozi wa kambi, wengi waliishia getini. Ndani, watu waliotua wiki iliyopita walikuwa wanaamua turubai ziende kata gani.

Pesa zilifuata njia hiyo hiyo. Tarehe 31 Machi 2010, kwenye mkutano wa New York, wafadhili waliahidi dola bilioni 9.9, na kati yake zaidi ya bilioni 5 zilikuwa za miaka miwili ya kwanza. Ofisi ya mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, ambako naibu mjumbe alikuwa daktari Paul Farmer, ilifuatilia fedha za dharura na kukuta takriban asilimia 1 tu ndiyo iliyopita kwa serikali ya Haiti. Mashirika ya wenyeji hata hiyo 1 hayakufikia. Nyingine zilirudi kwa taasisi za wafadhili wenyewe, majeshi yao yakiwemo, au zilipitia mashirika makubwa ambayo kila moja lina gharama zake za uendeshaji.

Iliundwa pia tume ya muda ya ujenzi mpya, wenyeviti wakiwa Bill Clinton na waziri mkuu Jean-Max Bellerive. Desemba 2010 wajumbe wa Haiti ndani ya tume hiyo waliandika barua kulalamika kwamba wamewekwa pembeni, hawashirikishwi, wanaletewa miradi ya kupigia kura tu. Yaani hata aliyeingia ndani alijikuta bado yuko getini.

Kwa nini naumia na jambo la kisiwa cha mbali? Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na kwetu ni Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, lilipopita tetemeko letu la 5.9, mama yangu alikuwa uani anaanika maharage. Nyumba ilipasuka ukuta wa jikoni kutoka juu hadi chini. Tulilala nje, chini ya migomba, kwenye mkeka. Siku kadhaa baadaye wakaja vijana wawili wenye vizibao, wakamuuliza maswali, wakajaza fomu, wakampa wino apige dole gumba. Nakala wakamwachia. Jioni akanionyesha: imeandikwa kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Mama hajui Kiingereza.

Nawasilisha. Karibuni.

Fundi Nyundo

Mkuu heshima kwako. Hilo la paa la zege ni kweli tupu. Mimi najenga huku Mbeya, na kuna wateja wanaopunguza ringi kwenye nguzo ili wabaki na hela ya geti. Ukimwambia, anakuona unataka kumla. Ringi ndiyo inayoshika nondo zisifumuke nguzo inapoyumba. Ukiona nguzo imepasuka kama muwa ujue ringi ziliwekwa mbalimbali.

Asali Chungu

Nimesoma yote. Naomba nipinge kwa heshima.

Serikali ya Haiti ilikuwa na sifa ya rushwa tangu enzi za watawala wa kiimla akina Duvalier. Wewe ungekuwa mfadhili, umechangisha pesa za wajane na watoto wa shule, ungempa waziri? Nimefanya kazi na mashirika miaka tisa. Mfadhili anataka risiti. Usipoleta risiti mwaka huu, mwakani watu unaowahudumia hawapati dawa. Kwa hiyo tusiwalaumu tu wageni, wenye nchi nao walikuwa na yao.

Mwana-Hamugembe (mtoa mada)

Dada Asali, umeuliza kwa haki nami nijibu kwa haki.

Sikusema rushwa haikuwepo. Lakini risiti zilizopatikana kwa kumkwepa Mhaiti zinasemaje? Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilikusanya karibu dola milioni 500 kwa ajili ya Haiti. Uchunguzi wa waandishi wa habari wa mwaka 2015 ulikuta nyumba za kudumu zilizojengwa ni 6. Shirika lenyewe lilijitetea kwamba limewasaidia makazi zaidi ya watu 100,000, kwa kuhesabu kodi za nyumba, ukarabati, vibanda vya muda na mafunzo. Utetezi huo nauweka hapa ili nisiwaonee. Lakini shida yao kubwa ilikuwa ardhi. Hati hazieleweki, kiwanja kimoja kina wenyewe watatu, na mgeni hathubutu kujenga pasipo na hati safi. Nani angejua kiwanja ni cha nani? Balozi wa mtaa, bibi aliyeishi pale tangu ujana wake. Tumerudi kwenye mwembe.

Sasa tazama kilichotokea walipopewa kazi wenyewe. Wizara ya ujenzi ya Haiti ilituma mainjinia wake, Wahaiti wakiwa wamepewa mafunzo, wakakagua majengo karibu 400,000 nyumba kwa nyumba. Kijani: rudi ukalale. Njano: inatengenezeka. Nyekundu: usiingie. Zaidi ya nusu zilikuwa kijani. Familia zilikuwa zinalala kwenye hema mita chache kutoka nyumba nzima kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni nzima. Rangi ya kupuliza ukutani iliwarudisha watu majumbani, na haikuhitaji kontena kutoka ng'ambo.

Asali Chungu

Hilo la rangi sikulijua. Nimelipokea. Ila bado nasema mfumo wa risiti hauondoki leo wala kesho.

Mjukuu wa Shamba

Nauliza kuhusu chakula. Niliwahi kusikia kwamba rais wao alikataa msaada wa chakula. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

Mwana-Hamugembe (mtoa mada)

Ni kweli, na ni sehemu inayonigusa sana kwa sababu sisi ni wakulima.

Haiti wana bonde la mto Artibonite, bonde la mpunga. Zamani nchi ilijilisha mchele kwa sehemu kubwa. Katikati ya miaka ya 1990, kwa shinikizo la nje, ushuru wa mchele wa kigeni ulishushwa hadi asilimia 3. Ukamwagika mchele wa Marekani, uliokuwa na ruzuku ya serikali yao. Watu wakauita diri Miami, mchele wa Miami. Mkulima wa Artibonite akashindwa bei, akafunga virago akahamia Port-au-Prince, akajenga kibanda mlimani kwa bloku zisizo na saruji ya kutosha. Tarehe 12 Januari alikuwa humo.

Machi 2010 Bill Clinton, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa Marekani sera ile ilipopita, alikiri mbele ya kamati ya Seneti kwamba huenda iliwanufaisha wakulima wa jimbo lake la Arkansas, lakini kwa Haiti haikufanya kazi na lilikuwa kosa. Alisema anaishi na matokeo yake kila siku. Namheshimu kwa kukiri hadharani, wachache hufanya hivyo.

Mwezi huo huo rais René Préval akaomba shehena za chakula cha bure zipunguzwe na msaada uelekezwe kwenye kazi na uzalishaji. Wiki za kwanza chakula kilihitajika, hakuna ubishi, mtu aliyefukiwa nyumba hana jiko. Lakini mwezi wa tatu mama muuza mchele sokoni anakaa na gunia lake hadi jioni kwa sababu kona ya pili wanagawa bure. Na mama huyo naye alianguka nyumba, naye ana watoto.

Tabibu wa Zamu

Mtoa mada hujagusa kipindupindu. Bila hicho habari ya Haiti haijakamilika. Walinda amani walioletwa kusaidia tetemeko ndio waliowaletea ugonjwa.

Kifaru Mpole

Sahihisho kidogo kwa Tabibu. Ujumbe ule wa walinda amani, MINUSTAH, ulikuwepo Haiti tangu 2004. Haukuletwa na tetemeko. Tuseme kama ilivyo, maana mambo haya yakichanganywa wahusika wanapata mwanya wa kukana kila kitu.

Mwana-Hamugembe (mtoa mada)

Asante Kifaru, uko sahihi, na Tabibu naye yuko sahihi kwenye kiini.

Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko, kikosi kipya kutoka Nepal kilifika kambi ya Meille, karibu na Mirebalais. Nepal kulikuwa na kipindupindu. Maji machafu ya kambi yaliingia kwenye kijito, kijito kikaingia Artibonite. Watu wanakunywa mto ule, wanaoga, wanapanda mpunga ndani yake. Haiti haikuwa na kumbukumbu ya kipindupindu kwa takriban karne nzima, kwa hiyo hapakuwa na mwili uliokizoea wala nesi aliyewahi kukiona. Wakaugua zaidi ya 800,000 na kufa karibu 10,000. Wengi wao walikuwa vijijini ambako tetemeko halikuwagusa kabisa.

Wanakijiji wa Meille walilisema tangu wiki ya kwanza: ni mabomba ya kambi, njooni muone, harufu hii hapa. Umoja wa Mataifa ulikana kwa miaka. Waathirika walikwenda mahakamani Marekani, kesi ikatupwa kwa sababu ya kinga. Hatimaye tarehe 1 Desemba 2016 katibu mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi, na maneno ya radhi aliyasema pia kwa Kikreyoli. Miaka sita. Mfuko uliotangazwa kwa ajili yao ulikusudiwa kuwa dola milioni 400, na nchi wanachama zilichangia sehemu ndogo sana.

Nilisikiliza sauti ile mara nyingi. Kikreyoli chake ni cha mtu anayesoma karatasi. Lakini niliona umuhimu wake, kwamba mara hii mwanamke wa Meille hakuhitaji mkalimani kujua ameambiwa nini.

Niko Goma

Bandugu, salamu kutoka Goma. Sisi huku tunaijua hiyo. Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, kisha ardhi ikatetemeka siku na siku, serikali ikasema tutoke mji. Tukakimbia kwa miguu mpaka Sake. Waliotupokea ni watu wa Sake wenyewe, wakatufungulia makanisa, mashule, vyumba vya kulala. Mama mmoja hakunijua hata jina, akanipa bukari na maji ya moto ya kuogesha mtoto. Magari yenye bendera yalikuja baadaye. Tuliyashukuru. Ila yule mama hakuna aliyemwandika kwenye kitabu chochote, na chakula chake kiliisha kwa ajili yetu.

Fundi Nyundo

Niko Goma umenitoa machozi.

Mtoa mada, swali la mwisho kutoka kwangu: wale milioni 1.5 walikwenda wapi sasa?

Mwana-Hamugembe (mtoa mada)

Wengi walitawanyika kimya kimya. Vilijengwa vibanda vya muda vya mbao zaidi ya 100,000, na vingi viligeuka vya kudumu. Wengine walilipiwa kodi ya mwaka mmoja ili wahame hema. Mradi mkubwa ulioimbwa sana ulikuwa eneo la viwanda la Caracol, lililofunguliwa Oktoba 2012. Liko kaskazini, mbali kabisa na kulikoanguka nyumba, na mamia ya familia za wakulima waliondolewa mashambani kulipisha. Ajira zilizoahidiwa zilikuwa 65,000. Hazikufika hata nusu.

Pamoja na hayo kuna mazuri ya kutajwa. Mirebalais, ile ile ya kipindupindu, ilipata hospitali kubwa ya kufundishia mwaka 2013, vitanda 300, umeme wa jua. Ilisimamiwa na shirika la afya la Zanmi Lasante, ambao wamekaa Haiti tangu miaka ya 1980 na wafanyakazi wao karibu wote ni Wahaiti.

Ila jibu lako hasa Fundi liko Canaan. Aprili 2010 maelfu ya watu walihamishiwa Corail, uwanda mtupu kaskazini ya mji, hakuna mti. Pembeni yake, juu ya kilima cha changarawe, watu wengine wakaanza kujipimia viwanja kwa kamba na mawe. Wakapaita Canaan, Kanaani ya kwenye Biblia. Hawakusubiri mradi. Kwanza turubai, kisha bati, kisha bloku moja moja kila mshahara au pesa ya ndugu wa Miami ilipoingia. Wakaacha barabara, wakatenga mahali pa shule na kanisa. Baada ya miaka michache walikuwa zaidi ya 200,000. Jiji zima, na matofali yake yalinunuliwa na wenyewe.

Fundi, angekuwepo hata mmoja kama wewe kila mtaa, wa kuwaambia ringi ziwekwe karibu karibu, hiyo ingekuwa misaada.

Mjukuu wa Shamba

Mkuu umetuacha hewani. Ile fomu ya mama yako, ilisemaje? Na nyumba ilitengenezwa?

Mwana-Hamugembe (mtoa mada)

Nilidhani hamtauliza.

Ilikuwa na masanduku matatu: nyumba imebomoka, nyumba imeharibika, nyumba inafaa kukaliwa. Alama ya vema ilikuwa kwenye la tatu, na dole la mama chini yake. Vijana wale walisimama barazani. Ufa ulikuwa upande wa jikoni, na hawakuzunguka. Mama anasema aliwaambia "jikoni, jikoni", wakaitikia kwa kichwa wakiendelea kuandika.

Nilikwenda kuulizia mara mbili. Niliambiwa majina yalishapelekwa juu.

Ukuta ulijengwa Desemba na wanachama wa kikundi chake cha kufa na kuzikana, kila mmoja tofali kumi, na fundi alikuwa jirani yetu ambaye nyumba yake ilianguka yote. Hakutaka ujira, alikula tu mchana. Fomu ipo, ameikunja ndani ya kitabu chake cha sala. Mwaka juzi aliniomba nimsomee tena sanduku la tatu. Nikamsomea kwa Kihaya. Akasema, "Kumbe waliniuliza hivyo. Ningewapeleka jikoni."